Foleni Haizaliwi Dirishani

Katika hospitali nyingi za wilaya, ukiuliza tatizo la foleni liko wapi utaonyeshwa dirisha la dawa. Hapo ndipo watu wamejazana, hapo ndipo sauti zinapopanda, na hapo ndipo kiongozi aliyekuja kukagua husimama akiwasikiliza wananchi. Uamuzi unatoka siku hiyohiyo: lifunguliwe dirisha la pili. Fundi anakuja, ukuta unatobolewa, mfamasia mmoja anatolewa stoo. Baada ya wiki mbili msongamano wa saa sita mchana bado upo, madirisha yote mawili hayana kazi asubuhi nzima, na stoo haina mtu wa kuhesabu dawa.

Kilichojaa dirishani kimetengenezwa kwingine. Maabara ilikusanya majibu ya tangu asubuhi ikayatoa kwa mkupuo, madaktari wakawaona wenye majibu mmoja baada ya mwingine kwa haraka, na wagonjwa arobaini wakatua mbele ya mfamasia ndani ya nusu saa. Dirisha la pili linapunguza makali ya nusu saa hiyo, lakini chanzo chake halikigusi. Mahali foleni inapoonekana na mahali inapozaliwa mara nyingi ni pawili, na kwa maoni yangu uigaji wa kompyuta ndio chombo bora tulicho nacho cha kupatafuta pale pa pili, kabla hatujatoboa ukuta, kununua mitambo au kuhamisha watu.

Tuchukue hesabu ya kubuni, ya ukubwa atakaoutambua yeyote aliyewahi kufanya kazi kitengo cha wagonjwa wa nje. Wagonjwa ni 120 kwa siku, madaktari ni 3, na saa za kazi ni 7. Mgonjwa akiingia kwa daktari mara ya kwanza hutumia wastani wa dakika 8. Ripoti ya mwezi inazidisha 120 kwa 8 na kupata dakika 960. Madaktari watatu wana dakika 1,260, kwa hiyo wametumika asilimia 76. Katibu wa afya anaisoma na kuhitimisha kwamba madaktari wanatosha, tena wana nafasi.

Lakini nusu ya wagonjwa hao hutumwa maabara na kurudi na majibu, na kila anayerudi huhitaji dakika 5 nyingine. Hizo ni dakika 300 ambazo hazimo katika ripoti, kwa sababu ripoti huhesabu wagonjwa na haihesabu mara ambazo mlango wa daktari umefunguliwa. Jumlisha 960 na 300, unapata 1,260. Madaktari wamejaa hadi dakika ya mwisho, na bado hatujagusa raundi ya wodini, chai, simu wala mgonjwa wa dharura.

Sasa hospitali hiyo inapata fedha na kununua kompyuta za mapokezi. Kuandikisha mtu kulikokuwa kukichukua dakika 6 sasa kunachukua 2. Takwimu za mapokezi zinang'aa na mradi unatangazwa kuwa umefanikiwa. Mgonjwa, kwa upande wake, anafika mlangoni pa daktari mapema zaidi, anaketi pale kwa muda aliozoea kuusimama mapokezi, na anatoka hospitalini saa ileile aliyokuwa akitoka zamani. Aliyefunga safari alfajiri kwa bodaboda na kuacha kibanda chake cha mboga kimefungwa hajaokoa hata saa moja. Hili ndilo linaloniumiza katika miradi ya kuboresha huduma: fedha zilitumika kweli, watu walijituma kweli, na mgonjwa hakuambulia kitu.

Uigaji unafanya nini hapo? Ndani ya kompyuta unajenga kliniki ya hesabu. Kila mgonjwa anaingia kwa wakati uliotolewa na namba za nasibu, lakini namba hizo zinafuata mwenendo uliopimwa getini kwenyewe. Akifika mapokezi, programu inamchagulia muda wa kuhudumiwa kutoka katika nyakati zilizopimwa: mmoja dakika 3, mwingine 11 kwa kuwa kadi yake ya bima imegoma. Daktari akiwa na mtu, anayefuata anangoja. Daktari akimaliza, anayefuata anaingia. Anayetumwa maabara anaingia foleni nyingine, kisha anarudi kugombania mlango uleule wa daktari na wale wanaokuja kwa mara ya kwanza. Saa ya modeli haisubiri, huruka kutoka tukio moja hadi tukio linalofuata, na kliniki ya siku nzima inakwisha kufumba na kufumbua. Unaiendesha siku elfu moja. Kisha unabadilisha jambo moja tu, labda kumwongeza daktari wa nne au kuamuru maabara itoe jibu mara tu linapokuwa tayari, unaendesha siku elfu nyingine na kulinganisha.

Jibu linalopatikana si wastani peke yake. Modeli inakueleza kati ya siku 100 ni ngapi ambazo mgonjwa wa mwisho anatoka kabla ya saa kumi jioni, na wale waliongoja kuliko wote walingoja saa ngapi. Kwa mtu anayeketi kwenye benchi, hayo ndiyo maswali.

Watu wa hesabu wataniambia kwamba kanuni za foleni zipo tangu zamani. Zipo, na ni za thamani. Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu msongamano wa simu mwaka 1909, na kanuni zilizotokana na njia yake bado zinatumika. Kila msimamizi wa ofisi angepaswa kujua somo lake kubwa. Chukua karani mmoja anayemhudumia mtu kwa wastani wa dakika 5, watu wakifika bila mpangilio na muda wa huduma nao ukipanda na kushuka ovyo. Karani akiwa na kazi asilimia 50 ya muda wake, mtu hungoja wastani wa dakika 5. Akifika asilimia 80, mtu hungoja dakika 20. Asilimia 90, dakika 45. Asilimia 95, dakika 95. Kutoka 90 hadi 95 ni hatua ndogo kwenye ripoti ya utendaji, lakini kwa anayesubiri imezidisha muda zaidi ya mara mbili. Mkaguzi anayemkuta karani ametulia robo ya siku na kuandika kwamba kuna upotevu wa nguvukazi anaandika kinyume cha ukweli. Utulivu ule ndio unaofanya foleni iwe fupi.

Na kuna njia za kufupisha foleni bila kuajiri mtu yeyote. Makarani wawili wenye foleni mbili, kila mmoja akiwa na kazi asilimia 80, watawangojesha watu dakika 20 ikiwa mtu haruhusiwi kuhama foleni. Waunganishe wahudumie foleni moja, kusubiri kunashuka hadi karibu dakika 9. Au mwache karani mmoja peke yake lakini kila huduma ichukue dakika 5 kamili, pasiwe na anayechukua dakika moja na mwingine dakika 20. Foleni inapungua kwa nusu, kutoka dakika 20 hadi 10. Wale wenye matatizo marefu, kama kadi iliyogoma au jina lililokosewa, wakitengewa meza yao, waliobaki wanatembea.

Kanuni hizi zinakwama mahali pamoja muhimu: zile rahisi hudhani kwamba mambo yametulia, kwamba watu wanafika kwa kasi ileile kutwa. Hospitali zetu haziko hivyo. Mlango ukifunguliwa saa mbili, watu 60 tayari wapo nje. Karani wa mapokezi akitumia dakika 3 kwa kila mmoja, wa sitini ataitwa inapokaribia saa tano, hata kama wanaofika baadaye ni wachache na mchana wote karani hana kazi. Wastani wa siku utaonyesha hali nzuri. Ongeza daktari anayeanza kliniki saa nne baada ya raundi ya wodini, mteknolojia wa maabara aliye peke yake, na mgonjwa anayerudi mara mbili, na hakuna kanuni ya karatasini itakayokupa jibu la kutegemea. Hapo ndipo uigaji unapostahili gharama yake.

Wala haukuanza na kompyuta kubwa. Mwaka 1952 mtakwimu Norman Bailey alishughulikia tatizo hilihili katika kliniki za wagonjwa wa nje za hospitali za Uingereza. Wagonjwa walikuwa wakiitwa mapema na kwa wingi ili daktari bingwa asikose mtu hata dakika moja. Bailey aliigiza kliniki nzima kwa karatasi na namba za nasibu, mgonjwa kwa mgonjwa, na akaonyesha kwamba daktari akikubali kupoteza dakika chache tu, kusubiri kwa wagonjwa kunapungua sana. Yeye na J. D. Welch wakapendekeza, katika jarida la The Lancet mwaka huohuo, kwamba wagonjwa wawili waitwe kliniki inapofunguliwa, na waliobaki waje mmoja mmoja kwa nafasi zinazolingana na wastani wa muda wa kumwona daktari. Pendekezo hilo bado linatumika kama kipimo katika utafiti wa ratiba za kliniki.

Ninamrudia Bailey mara kwa mara kwa sababu alifanya jambo ambalo modeli nyingi za leo hulikwepa: aliweka muda wa daktari na muda wa mgonjwa kwenye mizani moja, akauliza wazi tunathamini upi kwa kiasi gani. Kompyuta haiwezi kujibu swali hilo. Inaweza kusema kwamba dakika 10 za daktari kukaa bila mgonjwa zinaokoa saa kadhaa za wagonjwa, lakini uongozi wa hospitali ndio unaopaswa kusema kama biashara hiyo inafaa. Mara nyingi uongozi haujaulizwa kamwe, na kwa kutoulizwa umekuwa ukijibu kila siku kwamba muda wa mgonjwa ni wa bure.

Nje ya hospitali nako mrundikano huonekana mbali na unapozaliwa. Wazo la kusuka upya michakato ya kazi lilivuma baada ya mwaka 1990, Michael Hammer alipoandika katika Harvard Business Review kwamba makampuni yaache kuweka kompyuta juu ya taratibu mbovu na badala yake yazifute. Mfano wake mashuhuri ulikuwa Ford. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, idara ya Ford ya Amerika Kaskazini iliyolipa wauzaji wa vipuri ilikuwa na watu zaidi ya 500, na mpango ulikuwa kupunguza asilimia 20 kwa kutumia kompyuta. Wakatazama Mazda, wakakuta kazi hiyo inafanywa na watu 5. Hata ukizingatia kwamba Mazda ilikuwa kampuni ndogo zaidi, tofauti haikueleweka. Walipochunguza wakaona makarani wanamaliza siku wakitafuta kwa nini oda, hati ya kupokelea mzigo na ankara havilingani. Ford ikaondoa ankara: mzigo ukifika, mpokeaji anaangalia kwenye kompyuta kama umeagizwa, ukiwa umeagizwa unapokelewa na malipo yanaandaliwa, usipokuwa umeagizwa unarudishwa. Idara ikapungua kwa asilimia 75. Mrundikano uliokuwa mezani kwa wahasibu ulikuwa umezaliwa mahali pa kushushia mizigo.

Katika hilo Hammer aliona mbali. Alipokosea, naamini, ni katika kuhimiza kubomoa kwa pigo moja. Mwaka 1993, katika kitabu alichoandika na James Champy, wawili hao walikadiria kwamba asilimia 50 hadi 70 ya taasisi zilizojaribu hazikupata matokeo makubwa ziliyoyakusudia. Wenyewe walisema kadirio hilo halikuwa la kisayansi, lakini lilitoka kwa watetezi wakubwa wa njia hiyo, na kwa hiyo lina uzito. Taasisi nyingi ziliufuta utaratibu wa zamani kabla ya kujua mpya utabeba mzigo kiasi gani siku ya Jumatatu asubuhi. Zana za kujua zilikuwepo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, K. D. Tocher alikuwa akiigiza viwanda vya chuma vya United Steel huko Sheffield kwa kompyuta, na mwaka 1961 Geoffrey Gordon wa IBM alitoa programu ya GPSS kwa ajili ya kazi hiyohiyo.

Wasafirishaji wa Afrika Mashariki wana ushahidi wao. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva wa malori walitakiwa kupimwa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na kusubiri majibu. Foleni ilienea makumi ya kilomita ndani ya Kenya, na watu wakalala ndani ya malori kwa siku kadhaa. Iliyoonekana ilikuwa foleni ya barabarani, lakini ilizaliwa maabara. Kituo kimoja kipya kiliingizwa katika mchakato, na uwezo wake kwa siku ulikuwa mdogo kuliko idadi ya malori yaliyofika. Katika hali hiyo foleni haina kikomo. Inakua kila siku kwa ile tofauti, na hakuna polisi wa barabarani anayeweza kuimaliza. Modeli ya mistari michache ingeonyesha hivyo kabla ya amri kutoka, na ingeuliza mapema kama dereva anaweza kupimwa kabla ya kuanza safari na cheti chake kutambuliwa upande wa pili, jambo ambalo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikuja kulifanyia mpango baadaye. Ni mpaka uleule ambao nchi zetu zilikuwa zimeutolea jasho jingi kwa kujenga vituo vya pamoja, kama kile cha Busia kilichozinduliwa 2018, ili lori lisimame mara moja tu, katika nchi linayoingia.

Modeli huharibika zaidi wakati wa kukusanya taarifa kuliko wakati wa kuandika programu. Hospitali yenye mfumo wa kielektroniki huwa na alama ya saa kwa kila hatua, na mtaalamu mvivu atazichukua zilivyo. Lakini alama hiyo husema karani alibonyeza lini, haisemi mgonjwa alifika lini. Mtandao ukikatika asubuhi, karani huandika kwenye daftari na kuingiza majina yote jioni, na modeli itaamini kwamba watu 70 walifika saa tisa. Kwa hiyo lazima mtu akae pale na saa mkononi, siku ya Jumatatu yenye mafuriko ya watu na siku ya Alhamisi iliyotulia, siku ya kliniki ya kisukari na siku isiyo na kliniki.

Na lazima aulize. Utaratibu uliobandikwa ukutani una hatua sita. Utaratibu wa kweli una hatua nyingine ambazo hakuna aliyeziandika. Mlinzi wa getini ndiye anayewapanga wagonjwa na kumtanguliza mwenye mtoto anayehema kwa shida. Muuguzi mmoja hubeba mwenyewe majibu kutoka maabara kwa sababu ameona akingoja mhudumu yatachelewa. Mwenye ndugu hospitalini hupitia mlango wa nyuma. Hayo yote ni sehemu ya mchakato, na modeli isiyo na mlango wa nyuma inaigiza hospitali isiyokuwepo. Watu hawa wataeleza ukweli iwapo tu wana hakika kwamba hautatumika kuwafukuza kazi. Mganga mfawidhi anapaswa kuwahakikishia hilo kabla ya mtu yeyote kushika saa.

Modeli ikishajengwa, mtihani wake wa kwanza ni leo. Iendeshe na hali ilivyo sasa, kisha linganisha na ulichopima. Ikiwa hospitali ya kweli inamtoa mgonjwa wa kati baada ya saa nne na ya hesabu inamtoa baada ya saa mbili na nusu, kuna kitu hakijaingizwa, na hakuna ruhusa ya kuizungumzia kesho. Nimeona hatua hii ikirukwa kuliko nyingine zote, kwa kuwa haina picha za kuvutia za kuonyesha wageni.

Turudi kwenye kliniki yetu ya wagonjwa 120. Daktari wa nne atashusha mzigo hadi asilimia 75, na ni gharama ya kudumu. Njia nyingine ni kumruhusu muuguzi, kwa mwongozo ulioandikwa, kuagiza vipimo vya kawaida kabla mgonjwa hajamwona daktari. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20, muda ambao mgonjwa angekuwa akingoja tu. Nusu ya wanaorudi wakiepushwa safari ya pili, dakika 150 zinaokolewa na madaktari wanashuka hadi asilimia 88. Kwa hesabu ya kalamu mambo yameisha. Uigaji utaendelea na kuuliza: muuguzi huyo ataagiza vipimo vingi kuliko daktari, je, mteknolojia aliye peke yake atavimudu? Huenda ukaonyesha kwamba foleni imehamia maabara, na kwamba mpango unafanya kazi iwapo tu vipimo vya haraka vinafanyika mapokezi kwenyewe. Hilo umelijua bila mgonjwa hata mmoja kuteseka kwa ajili ya jaribio.

Kuna mambo ambayo modeli haitayaona vizuri. Daktari akiona benchi limejaa hufupisha maongezi, na wakati mwingine hukosa kuuliza swali lililokuwa la maana. Wagonjwa wakisikia kwamba foleni imepungua, wataongezeka. Wengine huchoka na kuondoka bila kutibiwa, na wasipoandikwa popote, hospitali huwahesabu kama foleni iliyokwisha. Unaweza kuyaweka haya katika modeli kwa makisio, mradi useme wazi kwamba ni makisio na uyajaribu kwa viwango tofauti.

Gharama haipaswi kuwa kisingizio. SimPy, inayotumia lugha ya Python, hailipiwi, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa takwimu au kompyuta katika vyuo vyetu anaweza kujenga kliniki kama hii akisimamiwa vizuri. Hospitali inayomwajiri mshauri elekezi iandike mambo matatu katika zabuni yake. Modeli ionyeshwe kwanza ikiigiza hali ya sasa, mbele ya wauguzi, makarani na mlinzi wa getini, na wawe na haki ya kusema imekosea. Matokeo yatolewe kwa muda wa mgonjwa tangu getini hadi anapotoka na dawa mkononi, pamoja na muda wa wale waliongoja kuliko wote. Na mafaili ya modeli yabaki mikononi mwa hospitali, pamoja na mtumishi wake mmoja aliyefundishwa kuyaendesha, kwa sababu mwakani maabara itapata mashine mpya au daktari mmoja atahamishwa, na hesabu itabidi ifanywe upya.